Pale jeki inaposhika: magari ya kale ya mbio na udongo wa Chemba

Mwaka 1973 mashindano ya magari ya East African Safari yalimalizika kwa sare. Baada ya zaidi ya kilomita 5,000 za vumbi, mawe na tope, Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, aliyekuwa na Lofty Drews ndani ya Datsun 240Z, alifika akiwa na adhabu sawasawa na Harry Källström wa Sweden, naye akiendesha Datsun. Ikabidi iangaliwe ni nani aliyekwenda mbali zaidi kabla ya kupata adhabu yake ya kwanza, na ushindi ukaenda kwa Mehta.

Katika Safari ya zama hizo adhabu ilihesabiwa kwa dakika. Ukichelewa kufika kituoni, dakika zako zinaandikwa. Dakika hizo zilipotelea kwenye mito iliyojaa, kwenye tope, na kwenye pancha: dereva na msaidizi wake wanaruka nje, mmoja anakimbilia jeki, mwingine anakimbilia spea tairi. Kwa watu waliomaliza wakilingana namna ile, muda wa kunyanyua gari na kulishusha haukuwa jambo dogo hata kidogo.

Tukiyakumbuka magari yale, aghalabu tunasimulia injini, mlio na rangi. Leo nataka tuliangalie gari kwa chini, pale jeki inaposhika. Mwenye gari la kale la mbio anayetaka kulitembeza katika nchi yetu atatumia fedha nyingi kwenye rangi na kwenye kabureta, lakini ile sehemu ndogo ya bati itakayobeba uzito wote siku ya pancha ataiacha kama kiwanda kilivyoiacha nusu karne iliyopita. Kiwanda hakikuitengeneza kwa ajili ya udongo wetu. Kuiimarisha ni kazi ya lazima, na inafaa ifanywe kwa akili na kwa heshima.

Barabara ya kaskazini

Wilaya ya Chemba, iliyomegwa kutoka Kondoa mwaka 2012, imekaa juu ya njia yenye historia ndefu. Zama za ukoloni, barabara kuu iliyokusudiwa kuunganisha Cape Town na Cairo ilipita katikati ya Tanganyika: kutoka Mbeya na Iringa, ikaingia Dodoma, ikapanda Kondoa na Babati hadi Arusha. Aliyetaka kuvuka nchi kwa gari, kutoka kusini kwenda kaskazini, alikanyaga ardhi ya Warangi, Waburunge, Wasandawe na Wagogo.

Kwa miaka mingi kipande cha Dodoma hadi Babati, chenye urefu wa kilomita 251, kilikuwa cha vumbi wakati wa kiangazi na cha kukwama wakati wa masika. Lami yake ilizinduliwa mwaka 2018, na tangu hapo safari imekuwa nyepesi. Lakini lami ni utepe mwembamba. Ukiiacha na kuelekea Kwa Mtoro, Farkwa, Goima au Mrijo, unarudi kwenye Chemba yenyewe: mchanga mwepesi juu ya ardhi ngumu, makorongo yanayokauka na kuacha kitanda cha mchanga wa kina, na mabonde ya mbuga nyeusi ambayo mvua ikinyesha yanageuka kinamo. Mto Bubu, unaoteremka kuelekea Bahi, una sehemu ambazo kiangazi unauvuka kwa miguu bila kulowa, na masika hakuna gari linalothubutu.

Mashindano ya Safari, yaliyoanza mwaka 1953 kwa kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, yalijengwa juu ya barabara za aina hii katika Kenya, Uganda na Tanganyika. Bert Shankland, aliyekuwa akiishi Tanzania, alishinda mara mbili mfululizo, 1966 na 1967, akiwa na Peugeot 404. Mwaka 1963 na tena 1968 ni magari saba tu yaliyofika mwisho. Hiyo ndiyo ardhi ambayo magari ya mbio yalikuja kujifunzia adabu, na aliye na gari kama hilo leo hana budi kujifunza somo lilelile.

Kiwanda kiliwaza nini

Gari dogo la mbio la miaka ya 1960 na 1970 kwa kawaida halina chesisi ya kujitegemea kama lori au Land Rover. Bodi yenyewe ndiyo mifupa. Bati jembamba, pengine lisilofika milimita moja, limekunjwa na kuunganishwa mpaka likawa boksi linalobeba injini, abiria na mikiki yote ya barabara. Nguvu kubwa ya boksi hilo imo kwenye vizingiti, yale maboksi marefu yanayopita chini ya milango kutoka gurudumu la mbele hadi la nyuma.

Humo ndimo viwanda vilimoweka sehemu za kupigia jeki. Kwenye Datsun 240Z, iliyouzwa kuanzia mwisho wa 1969 hadi 1973, jeki hushika mshono wa bati ulio chini ya kizingiti, karibu na kila gurudumu. Porsche 911 ya zamani ina njia nyingine: kila upande kuna tundu moja kwenye kizingiti, na jeki inachomekwa humo kutoka ubavuni, kisha ubavu mzima unapanda. Njia zote mbili zilifanya kazi vizuri kwa gari jipya, juu ya sakafu ya saruji au barabara tambarare ya Ulaya, Japani au Marekani.

Miaka 50 baadaye mambo ni mengine. Kizingiti ni boksi lililofungwa, na boksi lililofungwa hutunza maji. Gari lililokaa Tanga, Dar es Salaam au Unguja limekula chumvi ya bahari. Gari lililokaa uwanda wa kati limepona chumvi, ila limejaa vumbi laini ambalo likilowa mara moja tu linakaa na unyevu kwa muda mrefu. Kutu huanzia ndani, mahali jicho halifiki. Kwa nje unaona rangi safi, pengine na puti iliyopigwa msasa ikalainika. Siku unapochomeka jeki, lile tundu linazama ndani ya kizingiti, au mshono unajikunja, na gari halijasogea hata kidole kimoja.

Kuna pia kosa la mafundi. Chini ya sakafu ya 240Z zimepita reli mbili za bati zinazoonekana kama chesisi. Nyembamba mno. Fundi asiyelijua gari anaweka jeki ya gereji hapo kwa kuwa panaonekana pagumu, na reli inabonyea. Ndiyo maana 240Z nyingi zilizobaki duniani, ukizilalia chini, utakuta reli zake zimebanwa kama mkebe uliokanyagwa.

Gari likipanda, jeki hubaki fupi

Sababu ya pili ya kuzifanyia kazi sehemu hizi haionekani haraka, na wengi huigundua wakiwa porini. Mtu akitaka gari lake la kale lipite barabara za Chemba, hatua ya kwanza ni kulipandisha: springi ndefu, shokapu ndefu, bamba la kukinga sampo. Porsche 911 SC zilizoletwa Safari ya 1978 zilipandishwa hadi kimo cha sentimita 28 kutoka ardhini, na moja, ya Vic Preston Mdogo, ikashika nafasi ya pili.

Sasa piga hesabu. Jeki ya kiwandani ilitengenezwa kwa gari la chini. Ukipandisha gari, jeki ileile inaanza kazi ikiwa tayari imenyooka nusu. Tena springi ndefu ina tabia yake: unaponyanyua bodi, gurudumu haliinuki nayo. Linaning'inia, likifuata ardhi, mpaka shokapu ifike mwisho wa urefu wake. Kwa hiyo bodi inapaswa kupanda sana kabla tairi haijaachia ardhi, na ukitaka kuvalisha tairi zima lililojaa upepo unahitaji nafasi zaidi ya ile uliyohitaji kuvulia lenye pancha. Jeki inafika mwisho, tairi bado limegusa mchanga.

Hapo watu hutafuta jeki ndefu. Wengi huchukua ile ya mkono yenye mlingoti wa chuma uliotobolewa matundu, ambayo kwetu huitwa Tanganyika jeki. Inanyanyua juu sana na haichagui mahali. Lakini ilikusudiwa kushika bampa la chuma la gari la shamba, na gari la kale la mbio halina bampa la namna hiyo. Ukiiingiza chini ya kizingiti kilichoviringana, ulimi wake unateleza. Tena gari linapopanda upande mmoja huzunguka kidogo kwa kufuata magurudumu ya upande wa pili, hivyo mlingoti unainama pamoja nalo. Pasipo kitu cha kuufunga ulimi kwenye gari, mlingoti unachomoka. Mpini wake nao, ukiachiwa ukiwa na mzigo, hurudi kwa nguvu ya kuvunja taya.

Mchanga una hesabu yake

Chukua 240Z yenye uzito wa tani moja na kidogo, imepata pancha ya nyuma kwenye njia ya mchanga. Tuseme jeki inabeba kilo 350. Kitako cha jeki ya kawaida kina upana wa kama sentimita 10 kwa 12, yaani sentimita 120 za mraba. Kila sentimita ya mchanga inabebeshwa karibu kilo tatu. Kwenye mchanga uliolegea wa korongo, kitako kinazama kabla gari halijapanda. Sasa weka chini yake ubao mgumu wa sentimita 30 kwa 30. Eneo limekuwa sentimita 900 za mraba, na kila sentimita inabeba kilo 0.39 tu. Jeki imesimama.

Kwa hiyo ubao ule, wenye unene wa kutosha usipinde, ni sehemu ya jeki na haupaswi kukosekana ndani ya gari. Kwenye mbuga nyeusi iliyolowa hata ubao huo hautoshi. Huko unasukuma gari kwanza hadi pagumu, hata kwa kuharibu tairi, kwa kuwa tairi lina bei na maisha hayana.

Kazi yenyewe

Turudi gereji. Hatua ya kwanza hugharimu dakika chache na fundi yeyote anaweza kuifanya. Funga milango, utazame mwanya kati ya mlango na bodi. Nyanyua gari taratibu kwenye sehemu yake ya jeki, kisha ujaribu kufungua mlango wa upande huo na kuufunga. Mlango ukigoma, au mwanya ukibana juu na kupanuka chini, kizingiti kimechoka na gari linapinda. Usiendelee na urembo wowote. Kata bati bovu lote mpaka ukutane na chuma kinacholia ukikigonga kwa nyundo, ndipo uanze kujenga.

Kujenga kuna kanuni moja kuu: uzito utawanywe. Ukichomelea kipande kinene cha chuma kwenye bati jembamba kwa mstari mmoja, umehamisha udhaifu tu. Bati litachanika pembeni ya chuma chako. Fundi mzuri hukata bamba la milimita tatu, huviringa kona zake, na hulirefusha ili lishike kizingiti, sakafu na, inapowezekana, ule mhimili unaopita upande hadi upande chini ya viti. Juu ya bamba hilo ndipo hukaa mrija wa chuma wa kuchomekea jeki, uliopenya kizingiti chote na kuchomelewa pande zote mbili, ndani na nje. Pini ya jeki ikiingia humo, haina pa kutelezea. Timu nyingi za mbio huweka mirija ya namna hiyo mbele na nyuma kila upande, kisha hutengeneza jeki yenye pini inayolingana nayo. Kwa gari linalotumika mashambani na mbugani, Tanganyika jeki iliyobadilishwa ulimi ikawa na pini inatosha kabisa.

Kuchomelea kwenyewe kunataka mkono mtulivu. Mashine ya rodi iliyozoeleka kwenye gereji zetu ni nzuri kwa mageti na matela, lakini kwenye bati la 240Z hutoboa. Hapa inafaa mashine ya MIG, kwa vipande vifupi vinavyopishana, ukiacha chuma kipoe kabla ya kurudi mahali palepale, la sivyo joto litapinda bodi na milango haitarudi kukaa. Kabla ya yote, chomoa waya za betri, toa zulia na viti, kwangua lami ya zamani ya chini, na ufuatilie bomba za petroli na za breki zilikopita. Mtu wa pili asimame na kizima moto mkononi, ndani ya gari, kwa kuwa moto huanzia upande usiouona.

Mwisho ni kuzuia kutu isirudi. Chuma kipya kipakwe rangi ya zinki, maboksi yapuliziwe nta ndani, na matundu ya kutolea maji yabaki wazi. Mrija wa jeki uzibwe kwa kizibo cha mpira, maana mrija ulio wazi chini ya gari ni mdomo wa kumezea tope la njia nzima hadi Kondoa.

Halafu pima. Nyanyua kila kona, rudia mtihani wa mlango, na uache gari juu ya stendi usiku kucha. Asubuhi pitisha kidole kwenye kila mshono ukitafuta ufa wa rangi.

Tusifute historia

Wapo watakaosema gari la kale lisiguswe. Hoja yao ina uzito. Magari haya ni kumbukumbu ya watu na nyakati. Ile 240Z iliyoshinda Safari ya 1971 chini ya Edgar Herrmann na Hans Schüller imehifadhiwa na Nissan nchini Japani, na mabonyeo yake ya safari ni sehemu ya thamani yake. Shirikisho la kimataifa la magari ya kale, FIVA, lilipitisha Mkataba wa Turin, unaotaka anayelikarabati gari la kale aheshimu uhalisia wake, aandike kila alichobadilisha, na apendelee mabadiliko yanayoweza kurudishwa.

Naukubali mkataba huo, na naona kazi ninayoieleza inaingia ndani yake. Piga picha za kizingiti kabla hujakata. Hifadhi kipande cha zamani chenye mshono wa kiwanda. Tundu la asili la 911 liache mahali pake, na mirija mipya iwekwe kando yake. Panapowezekana bamba lifungwe kwa bolti kwenye matundu yaliyopo, ili mwenye gari wa kesho aweze kulitoa. Gari lisilotembea kwa kuogopa pancha limeshapoteza nusu ya uhalisia wake, kwa kuwa lilizaliwa litembee. Mashindano ya East African Safari Classic, yaliyoanza mwaka 2003 kuadhimisha miaka 50 ya Safari ya kwanza, yamewarudisha wazee hawa kwenye vumbi la Kenya na Tanzania. Wanaweza, wakiandaliwa.

Si la wenye Porsche peke yao

Magari ya kale ya mbio ni machache Chemba, nami siwaandikii wenye nayo tu. Noah inayopeleka abiria vijijini, Prado ya mradi, pikapu inayobeba alizeti na ufuta, yote yana mahali palipokusudiwa kupigiwa jeki. Noah ina mshono wa bati uleule kwenye vizingiti vyake, na kutu ileile inausubiri. Kila siku kuna kijana aliyelala chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake, juu ya tofali, pembeni ya barabara. Tofali la saruji hupasuka bila kutoa onyo. Jeki ya mafuta hushuka mpira wake wa ndani ukichoka.

Taratibu zinazookoa maisha ni chache na nafuu. Gari lisimame pagumu, hendibreki juu, gia imeingia, kabari mbele na nyuma ya gurudumu la pembe iliyo mkabala. Nati zilegezwe tairi likiwa bado chini. Abiria wote washuke. Spea tairi lilazwe chini ya kizingiti wakati wa kazi, ili gari likianguka liangukie tairi. Na asiingie mtu chini ya gari lisilo na stendi au gogo zima la mti mgumu.

Vyuo vya ufundi, kuanzia VETA Dodoma, vinafundisha ufundi magari na uchomeleaji, mara nyingi kama fani mbili. Sehemu ya kupigia jeki inazikutanisha: mmoja ajue uzito unapita wapi, mwingine ajue bati linavumilia joto kiasi gani. Ningependa kila mwanafunzi apewe kizingiti kilichooza, akijenge upya, kisha gari linyanyuliwe juu ya kazi yake mwenyewe mbele ya mwalimu. Na mwenye gari, awe na 911 au Noah, asikubali kulipia rangi mpya kabla fundi hajamwonyesha, gari likiwa juu, kwamba mlango unafunguka na kufungwa.